Kijana wa Mwaloni aliyeumia kichwa: ni bangi, ni kurogwa, au ni ubongo?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Nina banda la chakula jirani na soko la samaki la Kirumba Mwaloni, hapa Mwanza. Kuna kijana wa miaka kama 28 ambaye hulala chini ya meza za wauza dagaa. Mimi humpa chakula, naye hunichotea maji ziwani na kunichochea moto. Zamani alikuwa seremala Buhongwa, ana mke na mtoto. Miaka miwili iliyopita alipata ajali ya bodaboda akiwa abiria, hana kofia ngumu, akalala siku mbili bila fahamu. Kaka yake aliye Sengerema anasema alipigwa picha ya kichwa wakaambiwa ubongo hauna tatizo, na kidonda kikapona. Lakini baada ya hapo akawa anasahau vipimo vya wateja, anagombana na kila mtu, mke akarudi kwao, naye akaishia hapa. Mwezi uliopita alipigwa na watu waliomshuku kuiba ndoo ya samaki, na tangu siku hiyo analalamika kichwa. Akiniahidi kuja saa kumi na mbili asubuhi haji, na akija siku ya tatu hakumbuki kama aliahidi. Hula samaki walioharibika kana kwamba hasikii harufu. Mara nyingine akiwa anaongea hunyamaza ghafla, hukodoa macho na kutafunatafuna mdomo, ukimwita haitiki, kisha anauliza tulikuwa tunasema nini. Wengine wanasema ni bangi, na kweli anavuta, na gongo anakunywa. Kaka yake anasema amerogwa na anataka kumpeleka kwa mganga. Wenzangu wananiambia nimfukuze kabla hajanidhuru. Je, ubongo unaweza kuwa umeumia wakati picha ilikuwa safi? Ipo dawa? Nami nifanye nini?

JIBU: Mama, umeuliza maswali matatu, nami nitayajibu yote, lakini nitaanza na mambo mawili uliyoyagusa kwa juu juu tu, kwa sababu ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko mengine: kichwa kinachomuuma tangu apigwe, na kule kunyamaza ghafla na kutafunatafuna mdomo. Yote mawili yanahitaji kuonwa hospitali wiki hii, na la kwanza linaweza kuhitaji hospitali leo hii. Kusahau, hasira na ahadi zisizotimia ni mambo ya muda mrefu, na yana maelezo yake. Sijamwona kijana huyo, kwa hiyo sitadai kuujua ugonjwa wake. Ninachoweza ni kukueleza ninachokisikia katika maneno yako, ili nawe uweze kukieleza kwa daktari atakayempima.

Tuanze na kichwa. Kati ya ubongo na fuvu kuna utando mgumu, na vimishipa vidogo vya damu hutoka juu ya ubongo na kuingia katika utando huo. Kipigo kinaweza kukata kimshipa kimoja bila kuvunja mfupa na bila kuacha uvimbe unaoonekana, kisha damu ikavuja polepole, wiki baada ya wiki, ikajikusanya na kuukandamiza ubongo kutoka upande mmoja. Katika siku za mwanzo mgonjwa hutembea, hula na kuzungumza. Baada ya wiki tatu au zaidi ndipo kichwa kinapozidi kuuma, anaanza kusinzia hovyo, anayumba akitembea, maneno yanamchanganya, na kwa kuwa anajulikana kwa gongo, kila anayempita humwona amelewa. Mtu anayekunywa sana yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu pombe ya miaka mingi hupunguza ujazo wa ubongo na kuviacha vimishipa vile vikiwa vimevutika, tena huharibu ini, ambalo ndilo linalotengeneza vitu vinavyoigandisha damu. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unatibika. Daktari wa upasuaji wa ubongo hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuitoa damu hiyo, na wapo wagonjwa wanaoingizwa wakiwa hawajitambui wakatoka baada ya siku chache wakitembea kwa miguu yao.

Kwa hiyo mpeleke leo, iwe mchana au usiku, endapo maumivu yanazidi siku hadi siku au yanamwamsha usingizini. Endapo anatapika, anasinzia muda ambao si wa kulala na ni vigumu kumwamsha. Endapo mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, usemi umekuwa mzito, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili, au ameanguka na kutikisika mwili mzima. Hata kama hakuna dalili hata moja kati ya hizo, mtu aliyepigwa kichwani na bado kichwa kinamuuma baada ya mwezi mzima anapaswa kupimwa. Jambo linalonisikitisha sana, na sisi watumishi wa afya tumo ndani yake, ni pale mgonjwa anaponukia pombe tukasema mwacheni alale, ataamka salama. Mlevi naye huvuja damu kichwani, tena kwa urahisi kuliko asiyekunywa. Ukimfikisha hospitali, neno la kwanza litakalotoka kinywani mwako liwe kwamba alipigwa kichwani tarehe fulani. Habari za pombe zitafuata baadaye.

Wakati mnasubiri, asimeze dawa za maumivu kiholela. Aspirini na diklofenaki zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu, na tramadoli, ambayo vijana wengi wa mtaani wanaijua vizuri, inaweza kuchochea kifafa. Parasetamoli inafaa kwa siku chache hadi aonwe, lakini mweleze muuza dawa kwamba mtu mwenyewe hunywa pombe nyingi, kwa maana ini lake huenda lisistahimili kipimo kamili.

Jambo la pili ni kule kukodoa macho, ambako kwa maelezo yako kunafanana sana na kifafa. Watu wengi wanakijua kifafa cha kuanguka na kutoa povu, na kwa sababu hiyo hawakitambui kifafa cha namna nyingine, ambacho mgonjwa hubaki ameketi au amesimama, macho wazi, mdomo unatafuna kitu kisichokuwamo, vidole vinachezea shati, na kwa dakika moja au mbili mwenyewe hayupo. Mara nyingi chanzo chake ni sehemu ya ubongo iliyo ubavuni, usawa wa sikio, ambayo ni miongoni mwa sehemu zinazoumia zaidi katika ajali za kichwa. Kovu linalobaki hapo linaweza kukaa kimya kwa miezi au hata miaka kabla ya kuanza kutoa umeme usio na mpangilio. Mgonjwa akizinduka huwa amechanganyikiwa, na ukimshika kwa nguvu wakati huo anaweza kukusukuma au kukurushia mkono bila kujua anachofanya, na hapo ndipo hadithi ya ukali wake inapoongezwa sura mpya. Sehemu hiyo hiyo ya ubongo ndiyo inayohifadhi kumbukumbu mpya, hivyo kifafa kisichotibiwa humnyang'anya mtu vipande vya siku yake mara nyingi kuliko wanaomzunguka wanavyojua.

Hapa nakuomba jambo moja ulianze kesho asubuhi: usimtume tena kuchota maji ziwani peke yake, na usimweke kuchochea moto wala kusimama karibu na karai la mafuta. Dakika moja ya kutojitambua akiwa ameinama juu ya maji inatosha kumzamisha, na kando ya jiko inatosha kumuunguza kwa namna isiyosahaulika. Asipande mitumbwi ya wavuvi kutafuta kibarua, na asipande bodaboda kama dereva hata siku moja. Mpe kazi nyingine, kama kuosha vyombo, kufagia au kupanga viti. Bado atakuwa anakula kwa jasho lake, na hilo lina maana kubwa kwa mtu aliyekuwa fundi.

Ikitokea akaanguka na kutikisika, mlaze kwa ubavu, sogeza mawe na masufuria yaliyo karibu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa chake, na kaa naye. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnusishe kiatu wala kiberiti, usimmwagie maji. Ikipita dakika 5 bila kutulia, au ikirudi kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali.

Dawa za kifafa zipo na za bei nafuu; fenobabitoni na karbamazepini zimetumika kwa miaka mingi katika hospitali zetu. Kazi yake ni kuzuia kifafa kisije. Hazilitibu kovu lenyewe, na hatari yake kubwa ni kuziacha ghafla, kwa sababu kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa mtu asiye na pa kuweka hata shati, dawa hulowa, hupotea au huibwa. Kama uko tayari, dawa ikae kwako na aimeze mbele yako anapokuja kula. Daktari ataagiza pia vipimo vya damu, kwa sababu kwetu kifafa cha ukubwani kina vyanzo vingine, kama vile mayai ya tegu wa nguruwe yanayoishia kuwa mabuu ubongoni, VVU na kaswende. Usidhani ameipuuza habari ya ajali. Anataka kuhakikisha kwamba haachi nyuma kitu kinachotibika.

Sasa nije kwenye picha iliyokuwa safi. Picha ya CT inayopigwa siku ya ajali hutafuta vitu vinavyoua haraka: damu iliyojikusanya, mfupa uliovunjika na kuingia ndani, ubongo uliovimba. Aliyewaambia kwamba ubongo hauna tatizo yawezekana alimaanisha, na alikuwa sahihi, kwamba hakuna kitu cha kupasua usiku ule, lakini ndugu walielewa kwamba hakuna kilichoumia. Ubongo ni kiungo laini mno chenye uzito wa kilo 1.4 hivi, na katika ajali ya ghafla hupatwa na kile kinachoyapata maziwa ya mgando ndani ya kibuyu kilichofungwa nyuma ya baiskeli inapogonga jiwe: kibuyu kinabaki kizima, lakini kilichomo kimekatikakatika. Nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine huvutika na kukatika kwa wingi, na CT haiwezi kuzionyesha moja moja. Ndiyo maana tunaupima ukubwa wa jeraha pia kwa muda ambao mtu alipoteza fahamu: usiozidi nusu saa ni jeraha dogo, kutoka hapo hadi saa 24 ni la wastani, na zaidi ya saa 24 ni kubwa. Kijana huyu alilala siku mbili. Isipokuwa kama alilazwa kwa dawa za usingizi, jambo ambalo karatasi za wodi zitalionyesha, hilo lilikuwa jeraha kubwa la ubongo hata kama picha haikuwa na doa.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso huumia mara nyingi kuliko nyingine, kwa kuwa imelalia mfupa wenye miinuko yenye makali. Sehemu hiyo haihusiki sana na kuona wala kusikia, na ndiyo sababu mtu huonekana mzima, anakusalimia vizuri, anakumbuka jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, kisha anashindwa maisha. Kazi yake ni kuanza jambo, kulipanga, kulishikilia hadi liishe, na kuuzuia ulimi au mkono kabla haujatenda. Seremala hushika vipimo vya mlango kichwani huku akichagua mbao, mteja mwingine anaingia na swali lake, anajibiwa, na fundi anarudi palepale alipoachia. Mtu aliyeumia sehemu hiyo harudi alipoachia. Anapokuahidi saa kumi na mbili asubuhi anakusudia kwa moyo wake wote, ila hakuna kinachomgutua saa hiyo ikifika. Na ukimgombeza siku ya tatu, anasikia lawama kwa jambo ambalo kichwani mwake halikuwahi kuwapo, ndipo anapofoka.

Habari ya samaki walioharibika ni ya maana pia, na nakushukuru kwa kuitaja. Nyuzi za kunusa hupita katika vitundu vidogo vya mfupa ulio juu ya pua, chini kabisa ya sehemu hiyo ya mbele ya ubongo, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu hukatikia hapo. Wanaomwona akila samaki aliyeoza husema amekuwa kichaa, kumbe pengine pua haimpi taarifa. Mwambie afumbe macho, umsogezee kahawa, kisha sabuni ya kuogea. Asipozitambua, mweleze daktari, maana hiyo itamwongezea shaka kwamba sehemu ya mbele iliumia. Baada ya miaka miwili, uwezo wa kunusa uliopotea kwa njia hiyo ni nadra kurudi, kwa hiyo mzoeshe kukuonyesha chakula kabla hajakila.

Kuhusu bangi na gongo, sitakuambia kwamba hazina neno. Zote mbili huzidisha usahaulifu, pombe hushusha kizuizi cha hasira ambacho tayari ni dhaifu, na ubongo ulioumia hulewa kwa kiasi kidogo kuliko zamani. Lakini tazama mpangilio wa mambo katika maelezo yako mwenyewe: ajali ilitangulia, vipimo vikaanza kupotea akiwa bado kwake na karakana yake, ndoa ikavunjika, na mtaa ukaja mwisho. Umeandika kwamba anavuta na kunywa sasa. Muulize kaka yake kama alikuwa hivyo kabla ya ajali. Nami nakuomba usimlazimishe kuacha gongo kwa siku moja, kwa kuwa mtu anayekunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kupata kifafa na kuweweseka kunakoua. Apunguzwe chini ya uangalizi wa hospitali, na apewe vitamini B1, ambayo walevi wengi huikosa na ubongo hauwezi kufanya kazi bila hiyo.

Mpangilio huo si wa kijana wako peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa Toronto nchini Kanada walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 904 wasio na makazi: asilimia 53 walikuwa wamewahi kupata jeraha la ubongo, na kati ya hao, asilimia 70 walipata jeraha la kwanza kabla hawajapoteza makazi. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2019 yalifika karibu palepale, kwamba zaidi ya nusu ya watu wasio na makazi wamewahi kuumia ubongo, na zaidi ya mmoja kati ya watano alipata jeraha la wastani au kubwa. Tafiti hizo zilitoka nchi tajiri, kwa hiyo sizichukui kama hesabu ya Mwanza. Hata hivyo ninazitaja kwa sababu zinapindua dhana iliyozoeleka, kwamba mtu huharibika kwanza ndipo akaumia. Mara nyingi aliumia kwanza. Na hapa kwetu njia za kuumia hazikosekani. Madaktari wa hospitali ya Bugando walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu majeraha ya pikipiki, wakiyaita tatizo linalochipuka la afya ya jamii katika jiji hili, na majeraha ya kichwa yalikuwa miongoni mwa waliyoyaona zaidi. Wapo pia watoto waliokimbia vipigo vya nyumbani, na wapo wanaopigwa wakiwa tayari mtaani, kama alivyopigwa huyu, na kila pigo jipya linaongeza juu ya lile la kwanza.

Umeuliza kama ipo dawa. Dawa ya kuunganisha nyuzi zilizokatika haipo, na yeyote atakayekuuzia dawa ya kurudisha ubongo anakula pesa yako. Ubongo hujirekebisha wenyewe kwa kasi katika miezi 6 ya kwanza, kisha polepole zaidi. Baada ya miaka miwili sitarajii arudi kuwa fundi yule yule, ingawa ninatarajia mambo kadhaa yanayouvuta ubongo wake chini yaweze kuondolewa, yaani kifafa, pombe, usingizi mbovu, sonona, na damu iliyovilia kama ipo. Mtu akiondolewa hayo, hata akili aliyobaki nayo huonekana zaidi. Dawa za kutuliza hasira zipo, lakini zitumike kwa tahadhari: haloperidoli, ambayo wagonjwa wengi huchomwa wakionekana wakali, huweza kumkakamaza mtu mwenye ubongo ulioumia, na vidonge vya usingizi humzidishia usahaulifu. Mwambie daktari mapema kwamba aliumia kichwa, ili achague kwa kujua.

Kuhusu mganga, sikushauri ugombane na kaka yake, kwa sababu unamhitaji. Mtu ambaye ndugu yake aliondoka nyumbani akiwa mmoja na kurudi akiwa mwingine ana haki ya kutafuta maelezo, na hospitali haikumpa maelezo yoyote zaidi ya picha safi. Mwambie kwamba hospitali iwe kwanza, kwa sababu damu kichwani haisubiri. Na akienda kwa mganga baadaye, asikubali ndugu yake afungwe minyororo, apigwe, afukizwe moshi akiwa amefunikwa, wala aachishwe dawa za kifafa.

Safari yenyewe ya hospitali inahitaji maandalizi, kwa kuwa mgonjwa wa aina hii akienda peke yake atasema hajambo na kuondoka. Andika kwenye karatasi moja: tarehe ya ajali, siku alizolala bila fahamu, tarehe ya kipigo, jinsi kichwa kinavyouma, na mara ngapi kwa wiki anakodoa macho. Ukiweza kumrekodi kwa simu wakati wa tukio, fanya hivyo na umwonyeshe daktari peke yake. Dakika moja ya video hiyo itamsaidia kuliko maelezo marefu. Kama hana dalili za hatari nilizozitaja, anzeni kituo cha afya kilicho karibu, mkaombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, au Bugando, ambako kuna CT na upasuaji wa ubongo. Kama anazo, nendeni moja kwa moja hospitali kubwa. Kwa kuwa alipigwa, mtaulizwa PF3, yaani fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, nanyi mnaweza kuichukua mapema. Lakini mtu anayepoteza fahamu atibiwe kwanza, karatasi ifuate, na usimame katika hilo kwa heshima bila kurudi nyuma. Kwa gharama, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjaambiwa mlipe, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza kwamba hana makazi wala kipato, kwa sababu utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza upo, ingawa huombwa kwa uvumilivu.

Unapokaa naye, mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya chini, kisha mwombe alirudie kwa maneno yake. Badala ya kumwagiza aje kesho, mpe kazi pale anapokuja, na iwe ile ile, mahali pale pale, kabla ya chakula, kwa sababu mazoea yanabaki hata kumbukumbu ikishindwa. Ujira wake ugawe kidogo kidogo, kwa kuwa pesa nyingi kwa mkupuo huishia kwenye gongo au mikononi mwa wajanja. Kazi yake iwe fupi na apumzike kivulini. Ubongo ulioumia huchoka mapema, na hasira zake nyingi utaziona mchana akiwa amechoka, pakiwa na kelele na wateja wengi. Ukiona uso umebadilika, usibishane naye, mpe nafasi aondoke. Kuhusu kukudhuru, sitapuuza hofu ya wenzako: akishika kisu au kukutishia, ondoka na uite watu, na mwenyekiti wa mtaa ajue mapema kwamba huyu ni mgonjwa aliyeumia kichwa, ili wakiitwa wasije na fimbo. Wewe si hospitali wala si mama yake mzazi, na ukiona mzigo umekuzidi, kusema hivyo kwa afisa ustawi wa jamii hakutakuwa kumtupa.

Mwisho ni kaka yake. Mpigie simu kabla hajaja na gari la kumpeleka kwa mganga, umweleze haya niliyoyaandika kwa maneno yako, hasa kwamba hasira na usahaulifu wa ndugu yake vilianza na ajali na havikuanza na gongo. Kisha mwombe atafute nyumbani karatasi za kuruhusiwa kutoka wodini za mwaka ule, na picha yenyewe kama bado ipo kwenye bahasha. Daktari atataka kuilinganisha na picha mpya, na kama karatasi zimepotea, jina la hospitali, mwezi wa ajali na jina alilolazwa nalo vinatosha kuombea faili kwenye chumba cha kumbukumbu.